Barua ya Posa kwa Pikapu ya Uccle

Nilikwenda Brussels kununua gari kwa ajili ya mtu asiyetaka kuniona. Mtu huyo ni Mzee Anselmi, baba mkwe wangu, mkazi wa Mgeta, kule milimani juu ya Morogoro. Miaka tisa iliyopita nilimchukua binti yake Skola bila mshenga, bila barua ya posa, bila hata kupiga hodi. Tulipanda gari la alfajiri tukaenda mjini kuanza maisha. Tangu siku hiyo mzee hajakanyaga kwangu. Skola na watoto wetu wawili huwapokea vizuri na kuwarudisha na mikungu ya ndizi. Nikifika mimi, anakumbuka ghafla kwamba ana shamba la kupalilia.

Ujanani mzee aliendesha pikapu ya Kimarekani ya misheni, akishusha kabichi mjini. Wanangu wanasema akianza kuisimulia hachoki: mabawa ya mviringo juu ya matairi, kiti kimoja kirefu cha watu watatu, usukani wa upande wa kushoto, mgumu kiasi kwamba kwenye kona za Mgeta alikuwa akiuzungusha amesimama. Nikajisemea, nikimpelekea gari kama lile, atanuna mpaka lini? Ndipo Tonton Bahati aliponitumia picha. Tonton, yaani mjomba kwa Kifaransa chao, ni Mkongo wa Bukavu aliyewahi kukimbilia Morogoro, na ndiye aliyenifundisha biashara ya spea. Sasa yuko Brussels, anafua mashuka katika hospitali moja ya Woluwe. Kwenye picha palikuwa na pikapu ya miaka ya hamsini, ya kijani, imefufuliwa kuanzia chesisi, injini mpya na breki mpya. Ilikuwa inauzwa na mzee mmoja wa Uccle.

Skola aliitazama picha, kisha akanitazama mimi. "Huwezi tu kwenda kumwomba baba radhi?"

Nilikuwa tayari natafuta tiketi.

Jumatatu asubuhi nilitua Brussels, na tiketi ya kurudi ilikuwa ya Jumamosi. Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa kukaa. Dukani nasimama kutwa, kanisani nakaa mwisho wa benchi ili nitoke wa kwanza. Ndani ya ndege nilikwenda msalani mara saba bila haja yoyote. Tonton alinipokea kwa mikono miwili, akanipeleka kwake, ghorofa ya pili juu ya duka la vitenge kwenye barabara ya Chaussée de Wavre. Mkewe, Maman Furaha, alikuwa ameshasonga ugali na kupika sombe, kisamvu cha kwao.

"Tonton, twende Uccle leo hii," nilisema kabla sijanawa.

"Leo? Bon, leo niko na kazi. Kesho pia. Kula kwanza, mutoto. Ile camionnette haina miguu."

Jumanne, Tonton alipokwenda kazini, nilishindwa kuvumilia. Nilipanda tramu peke yangu, nikashuka Uccle, mahali penye miti mirefu na nyumba zilizojificha nyuma ya ua. Mvua ilikuwa nyembamba, ile isiyokulowesha mara moja. Nilibonyeza kengele. Mzungu mrefu mwenye ndara alifungua, nami nikaanza kujieleza kwa Kiingereza changu cha bandarini. Alinikatisha kwa Kiswahili cha Bukavu.

"Karibu. Ulikuja na nani?"

"Peke yangu, mzee. Nimekuja kwa ajili ya gari. Nalipa bei uliyotaja, yote, leo hii."

"Peke yako," alisema polepole. "Na bei iko tayari mu kinywa."

"Ndiyo."

"Alors, rudi kwenu. Ukuye na bantu bako. Na barua."

Akafunga mlango taratibu, bila hasira. Nilibaki nimeutazama mlango wa gereji, ambao nyuma yake kulikuwa na pikapu ya Mzee Anselmi, nikapiga hesabu ya siku zilizobaki. Nilitamani kupiga teke kitu, lakini vyote vilikuwa vya watu.

Jioni hiyo Tonton alicheka mpaka akavua miwani. Alinieleza kwamba mzee yule, Papa Joris, alifundisha ufundi wa magari Bukavu kwa miaka mingi, akaoa huko, na kwamba gari lile yeye na mkewe wamelitengeneza kwa mikono yao. Sasa wanahamia kwenye nyumba isiyo na gereji.

"Donc ni mutoto yao," alisema. "Mutoto haombwi na muntu ye peke. Anatuma bantu, anatuma barua."

"Tonton, ni gari."

"Na weye ni muuza spea. Kaa hapa, uandike."

Maman Furaha alileta bahasha yenye ua pembeni. Nikaandika barua yangu ya kwanza ya posa nikiwa na miaka thelathini na tisa, kwa ajili ya pikapu. *Sisi familia ya Bahati tunawasalimu. Kijana wetu amepita nyumbani kwenu, akaona ua zuri, naye anaomba ruhusa ya kulichuma.* Tonton alitaka niongeze kwamba kijana ana subira. Maman Furaha akasema tusimdanganye mzee wa watu, tuandike tu kwamba ana afya.

Jumatano ilinitesa. Tonton alikuwa amepiga simu, na Papa Joris akajibu kwamba wageni wanapokewa Alhamisi, saa kumi. Nilishuka nikaipanda na kuiteremka Chaussée de Wavre sijui mara ngapi, nikipita samaki wakavu, mawigi, na ofisi za kutuma pesa, mpaka kinyozi mmoja aliyekuwa amesimama mlangoni akaniuliza, "Papa, ulipoteza nini?" Nilimwambia sijapoteza kitu. Hakuniamini, na hata mimi sikujiamini sana. Usiku Skola aliniuliza kwenye simu kama nimelipata gari. Nikamwambia bado tunapeleka posa. Akakata, akidai mtandao ni mbaya.

Alhamisi saa kumi tulikuwa mlangoni: Tonton na suti, Maman Furaha na kitenge kipya na sanduku la biskuti, mimi nyuma yao nikiwa nimepewa amri ya kutosema neno. Alitufungulia mke wa Papa Joris, Mama Noëlla, mwanamke mfupi mwenye mvi. Kahawa ikaletwa. Wakaongelea mvua, wakaongelea watu wa Bukavu, nani amezaa, nani amezikwa. Goti langu lilicheza chini ya meza mpaka vikombe vikalia, na Maman Furaha akalikandamiza kwa mkono wake bila kunitazama. Mwishowe Tonton akatoa barua, imefungwa kwenye leso nyeupe. Papa Joris akavaa miwani, akaisoma kwa sauti, kisha akairudia yote.

"Huyu kijana iko na bibi?" alimuuliza Tonton, kana kwamba mimi sipo.

"Iko naye."

"Alimuomba muzuri kwabo?"

"Muzuri sana," alijibu Tonton, ambaye alihama Morogoro kabla ya mambo yangu na Skola.

Ingekuwa rahisi kunyamaza. Nilikuwa nimeamriwa kunyamaza, na funguo zilikuwa mezani, karibu na sukari. Lakini niliona aibu, aibu ya kweli iliyonipanda mpaka masikioni, kwamba gari lile nalipelekea barua, wakati Skola sikumpelekea hata salamu.

"Hapana," nilisema. "Sikumwomba. Nilimtorosha. Na gari hili ni la baba yake, ili anisamehe."

Tonton aliweka kikombe chini. Mama Noëlla ndiye aliyecheka wa kwanza, akimnyooshea mumewe kidole.

"Huyu naye alifanya vile vile. Alifika kwa baba yangu ye peke, na pikipiki ya shule, akaanza kuhesabu ng'ombe. Banoko bangu, ndugu ya mama, bakamurudisha. Mwaka muzima."

Papa Joris hakucheka. "Ile mwaka niliichukia sana," alisema. "Nilikuwa napita mbele ya nyumba yabo, hapana ingia. Niliweza kununua ng'ombe hata kesho yake. Basi. Lakini baba yake, nyuma ya pale, alikuya kula kwangu kila dimanche, siku ya Mungu, mpaka siku alikufa."

Alisukuma funguo kuelekea kwa Tonton, si kwangu, kama inavyotakiwa.

Gari lilikuwa zuri kuliko picha. Tulikaa watatu kwenye kiti kile kirefu, mimi kwenye usukani, Papa Joris na Tonton kando yangu, tukazunguka mitaa ya kandokando ya msitu, majani ya njano yakiwa yamejibandika kwenye lami. Papa Joris alinionyesha kila alichobadilisha: injini isiyopiga kelele, breki za diski, na usukani aliouwekea pampu ili mkewe naye aweze kuendesha. Nilikata kona kwa kidole kimoja. Nilimfikiria Mzee Anselmi akizungusha usukani wake amesimama, kabichi nyuma, korongo upande mmoja, na furaha yangu ikapungua. Ugumu wote aliokuwa akisimulia miaka nenda rudi ulikuwa umeondolewa, nami nilikuwa nimevuka mpaka Ulaya kumnunulia gari lisilokuwa nao.

Ijumaa tulimaliza malipo na karatasi, na gari likachukuliwa kupelekwa bandari ya Antwerp kungoja meli. Jumamosi niliagana na Tonton. Maman Furaha alinitia mfukoni bahasha nyingine yenye ua pembeni, tupu.

"Hii, andika mwenyewe," alisema.

Nyumbani, mpango wangu wa mwanzo ulikuwa kungoja meli, kisha nipande Mgeta nikipiga honi. Badala yake niliandika usiku kucha, nikachana karatasi nne, na Jumapili ya wiki iliyofuata nikamkabidhi barua baba mdogo Polikarpo, mshenga wangu, ndani ya leso. Mwoaji haendi na barua yake. Yeye alipanda mlima, mimi nikabaki dukani nikipanga upya nati zilizokwisha kupangwa.

Alirudi jioni. Barua imepokelewa, alisema, na wazee wamejibu kwamba hawawezi kusema lolote kabla binti hajaulizwa kama kijana huyu anamjua na kama anamtaka. Skola akafunga mizigo. Nilidhani ananitania, lakini aliondoka kweli, akaniachia watoto na sufuria la maharage.

Alitarajiwa Jumatatu, hakuja. Jumanne alinipigia.

"Wameniuliza mbele ya mashangazi wote," alisema.

"Ukasemaje?"

"Nikasema wanipe muda nifikiri."

"Skola, tuna watoto wawili."

"Miaka tisa hakuna aliyeniuliza, Deo. Subiri."

Basi nikasubiri. Jumatano nilisubiri, Alhamisi nikasubiri, na kama kuna kitu safari ile ilinifundisha, ni hicho, nami sitadai kwamba nilikifanya vizuri. Sikuulizia meli imefika wapi. Nilikuwa nimeisahau.

Ijumaa alasiri nilisikia pikipiki ikizima nje, kisha nyingine. Nikasikia sauti ya Skola, na miguu mizito ikijikung'uta matope ya Mgeta kwenye kizingiti changu, taratibu, mguu mmoja kisha wa pili.

"Hodi," akasema Mzee Anselmi.

Watoto walikimbilia mlangoni. Mimi, mtu nisiyeweza kukaa kitini, nilikuwa bado nimekaa.

"Hodi," akarudia mzee, akingoja aambiwe karibu.