Sosthenes Anyamazisha Mutuka

Sosthenes alirudi nyumbani Babati na shahada ya jiofizikia, buti mpya, na kofia ngumu ya manjano ambayo alitaka kuingia nayo hata kanisani, mpaka mama yake alipomfinya. Kampuni ya kutafuta gesi ilimpa wiki moja ya majaribio. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha mashamba ya Mutuka yanatulia kila mara gari zito la kampuni linapotikisa ardhi kwa makusudi. Mtetemo hushuka chini sana, hugonga tabaka za miamba, kisha hurudi juu na kupokewa na vinasa mtetemo vilivyochomekwa ardhini kwa mstari mrefu. Kishindo chochote cha karibu huvuruga kila kitu.

Mtikiso wa kwanza ulivurugika. Wa pili nao vilevile.

"Sosthenes," Careen, mkuu wa kikosi, aliita kwenye redio kutoka gari la mitambo, "kuna kitu kinapiga du, du, du. Kitafute. Tunarudia mara moja tu. Tukishindwa, kesho usije."

Sosthenes hakuona haja ya kutafuta. Mtuhumiwa alikuwa naye: Mama Anjela, ambaye asubuhi alimkuta akipura mbaazi kwa fimbo, hatua chache kutoka kwenye mstari. Akamwendea mbio.

"Shikamoo, Mama Anjela."

"Marahaba. Umekuja kunihutubia tena?"

"Mama, mtetemo ukirudi kutoka kwenye miamba ni dhaifu mno. Ukipura mbaazi..."

"Nani amepura? Toka uliponikataza nimekaa hapa kama mgonjwa. Ng'ombe tumewafunga. Kuku wenyewe wanakuogopa. Anayekimbia shamba zima ni mmoja."

"Nani huyo?"

"Geuka uangalie."

Sosthenes akageuka. Kwenye udongo uliolimwa, alama za buti zilifuata mstari wa vinasa mtetemo kutoka mwanzo hadi mwisho, zikaenda na kurudi, bila kuruka hata kimoja. Kumbe kila gari lilipotikisa, yeye alikuwa akikimbia kuwaonya watu, kidole mdomoni.

"Lakini nilikuwa nawanyamazisha!"

"Na tumenyamaza, baba. Sasa ni zamu yako. Kaa."

Akamsogezea kigoda. Msomi akaketi, mikono magotini, akabana hata pumzi. Gari likanguruma, ardhi ikatetemeka chini ya nyayo zao, kisha kukawa kimya kirefu.

"Safi!" Careen akapaza sauti redioni. "Safi kabisa! Tatizo lilikuwa nini?"

Neno "ng'ombe" lilishafika kwenye ulimi wa Sosthenes. Mama Anjela alikuwa akimtazama.

"Miguu yangu," akasema.

Redio ile husikika na kikosi kizima. Walicheka mpaka dereva wa gari zito akapiga honi.

"Kesho njoo saa moja," Careen akasema alipopata pumzi. "Tunahamia Bonga. Huko utasimamia kwa macho, si kwa miguu."

Mama Anjela akauliza kama sasa anaruhusiwa kukohoa.