Mabati ya Bustani ya Vinyago

Bustani ilipangwa Korogwe, ingawa vinyago vyenyewe vilitoka upande wa Handeni. Sababu ilikuwa reli. Kwetu Handeni treni haikufika, na Bwana Shauri, ofisa Mwingereza niliyekuwa karani wake, alitaka wakubwa waliotoka Tanga wakute kitu cha kutazama mara tu wakishuka stesheni. Alichora ramani kwa mkono wake: njia ya changarawe, maua pembeni, nguzo fupi za saruji, na juu ya kila nguzo kinyago cha udongo. Juu ya vyote, paa la bati lisilo na kuta. Mimi nikaambiwa niandae makisio ya gharama.

Kwa kawaida kazi ya makisio niliipenda. Safari hii kila nilipoandika neno "vinyago" mkono ulikuwa mzito, kwa sababu nilijua vimetoka nyumba gani.

Vilikuwa vya mama yangu. Alikuwa kungwi huko Kang'ata, na miongoni mwa wali aliokuwa akiwafunda mwaka ule alikuwamo mdogo wangu wa kike. Upande wetu kungwi hufinyanga vinyago vya udongo mbichi visivyochomwa, kila kimoja na wimbo wake na funzo lake, na wanaume hawavitazami. Mafunzo yakiisha, hupelekwa mtoni vikayeyuka. Ndipo mwali anapotolewa nje, na akishatoka anaweza kuolewa. Udongo usiporudi majini, mafunzo hayajafungwa, na msichana hukaa ndani.

Mke wa Bwana Shauri alipita Kang'ata, akasikia habari za vinyago, akatamani kuviona. Jumbe wetu alitaka kumpendeza. Mama akiwa shambani, alimtuma mtu akavikusanya kutoka nyumba ya wali, vikatiwa kwenye sanduku la majani ya chai na kupelekwa bomani. Jumbe akapewa bakshishi.

Mama alifika siku ya pili, akakaa barazani pamoja na watu wa kesi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Viko wapi?"

"Stoo. Sijavitazama."

"Nani kakuuliza kama umevitazama? Nimeuliza viko wapi."

Niliingia kwa Bwana Shauri nikamwomba avirudishe. Hakukasirika. Alisema kwa upole kwamba amekwisha kuvilipia, na kwamba mama atafinyanga vingine, udongo haujaisha Kang'ata. Nilipomletea mama jibu hilo alinitazama kana kwamba ni mimi niliyelitunga.

"Vingine havijaimbiwa," alisema. "Mwambie."

"Nimemwambia, mama. Ameandika kwenye karatasi yake kwamba ni desturi ya kupendeza."

Akauliza bustani yenyewe itakuwaje. Nikamweleza njia, maua, nguzo. Nilipofika kwenye paa alinikatiza.

"Bati la nini?"

"Mvua isiviharibu."

"Basi liondoe."

"Mama, mimi ni karani tu."

"Si wewe unayeandika? Usiliandike."

Sikuweza. Bwana Shauri alikuwa ameyahesabu mabati yale mwenyewe, na alijua bei yake katika duka la Mhindi wa Korogwe kuliko mimi. Makisio yakaenda Tanga yakiwa na paa. Wakati huohuo ndugu wa mchumba wa mdogo wangu, watu wa Korogwe, walituma mjumbe nyumbani: wangengoja mpaka masika, masika yakipita bila mwali kutoka, wangetafuta kwingine na ng'ombe wao warudi. Mdogo wangu hakuambiwa, lakini shangazi aliyempelekea chakula alisema ameanza kukirudisha.

Makisio yalirudi yamepigwa mstari. Tanga walitaka gharama zipungue. Nilifurahi, na furaha hiyo haikudumu hata mpaka chakula cha mchana.

"Nimepata dawa," Bwana Shauri alisema. "Tutavichoma kama matofali. Vikichomwa havitaki paa. Nenda Masuguru, pale Korogwe, kwenye tanuri, ukaulize bei."

Vikichomwa visingeyeyuka tena kamwe. Nilisafiri na lile sanduku miguuni pangu ndani ya lori, vumbi lote la njia ya Korogwe likiniingia puani, na kila gurudumu lilipopiga shimo nilitumaini kusikia kitu kikivunjika, kisha nikaogopa tumaini lenyewe.

Mwenye tanuri alikuwa Mshambaa wa makamo, Mkristo, aliyejifunzia kuchoma matofali misheni kule Lutindi. Aliinua kifuniko, akachungulia, akakirudisha upesi.

"Karani, umeniletea nini?"

"Vya serikali."

"Vya serikali! Hivi ni vya akina mama. Hata kwetu milimani viko. Mke wangu akisikia nimevitia moto, nitakula wapi?"

"Natakiwa kurudi na bei."

"Andika bei unayotaka."

"Siwezi kutunga bei, mzee. Itaje wewe."

Alikuna kidevu, akacheka. "Basi andika bei ya kujenga kanisa. Na mnara wake."

Alinitajia bei ambayo ingetosha kujenga nyumba, nami nikaiandika kama ilivyotajwa. Bwana Shauri alipoisoma alipiga mluzi mdogo, akaikata kazi ya kuchoma. Paa nalo akalikata, kwa sasa tu, alisema; vinyago vikae wazi kiangazi hiki, naye ataomba tena fedha za mabati kabla ya mvua.

Hivyo bustani ikafunguliwa. Nilihamishiwa Korogwe kuisimamia, kwa hiyo sikuwa tena na njia ya kutovitazama. Nilijizoeza kutazama nguzo. Mama naye alihamia kwa ndugu yetu Masuguru, akawa anauza vitumbua nje ya uzio.

"Huoni uchungu?" nilimuuliza siku moja, abiria wawili wakicheka mbele ya nguzo.

"Wanatazama udongo. Wimbo wameusikia?" Akageuza kitumbua. "Tazama mawingu, achana na hao."

Niliyatazama. Nilikuwa mtu wa kutazama milima ya Usambara kila asubuhi kabla sijanawa uso. Mawingu yalikuja mpaka mabegani mwa milima, yakakaa, yakaondoka. Masika yalikuwa yamechelewa. Kisha ikaja barua: Tanga wamekubali. Mabati yalishuka kwa treni ya mizigo, yakapangwa kando ya reli, na fundi akaanza kuchimba mashimo ya nguzo za paa. Niliyahakiki mabati, nikatia sahihi kwamba yamepokelewa yote. Mama alinitazama nikitia sahihi.

Fundi alikuwa amesimamisha miti ya upande mmoja mvua ilipoanza. Haikuanza kwa manyunyu. Bwana Shauri, aliyekuja kukagua, alipiga kelele tuyalete mabati tuyaweke hivihivi juu ya vinyago. Tulikimbia. Nilishika ncha moja ya bati, fundi ncha nyingine, upepo ukatuyumbisha, na kusema kweli sikumvuta fundi wala sikumsukuma, nilishika tu. Tulipofika, juu ya nguzo palikuwa na uji mwekundu unaoteremka kwenye saruji.

Bwana Shauri alisimama, kofia ikimwaga maji. "Vyote," alisema.

Nilimtafuta mama. Kikaango chake kilikuwa kimejaa maji na hakukuwa na mtu. Nilimwona mbali, kanga imemganda mwilini, akiufuata mfereji wa stesheni unaoteremka kuelekea mtoni. Mahali ulipoziba kwa majani aliinama akauzibua kwa mikono, akaendelea. Nilitamani kumfuata, lakini nilikuwa bado nimeshika bati.

Alirudi mvua ikiwa imepungua, matope mpaka magotini.

"Udongo umefika mtoni?" nilimuuliza.

"Umefika." Akakamua upindo wa kanga. "Lori la Handeni linaondoka saa ngapi? Nina mwali wa kutoa."