Bei ya Kuanzia ya Moshi

Kwa miaka kadhaa nimepikia chakula cha mchana kampuni moja ya bima hapa Durban. Napika nyumbani, Berea, napakia masufuria kwenye pikapu yangu kuukuu, nateremka mjini, naegesha nyuma ya jengo lao, pembeni ya jenereta. Wali, maharage, kuku, na Ijumaa sombe, majani ya muhogo, ambayo wakubwa wao huila wakiiita spinachi. Sahani nazihesabu nikitoka nyumbani, nikifika nazihesabu tena. Nimeuza sokoni Warwick; najua vitu vina miguu.

Mwaka juzi kampuni iliahidi dunia kwamba itapunguza moshi wake. Dunia ilifurahi, nadhani. Mimi habari nililetewa na kijana mmoja Mkenya wa ghorofa ya nne, aliyepewa kazi ya kuhesabu hewa chafu.

"Mama, kila anayetuuzia kitu lazima aseme anachoma petroli kiasi gani, halafu aahidi kupunguza. Asiyeahidi, mkataba wake haurudiwi."

Mkataba ule ndio unaolipa kodi ya nyumba na shule ya watoto wangu. Nikakaa vizuri kwenye kiti.

"Na mnataka nipunguze ngapi?"

"Kwanza niambie unachoma ngapi sasa. Usiogope, hakuna jibu mbaya. Sema tu."

Sasa, mtu wa Warwick akiambiwa "usiogope, sema tu", mkono wake unakwenda wenyewe kushika pochi. Anayetaka usikie yake baada ya kusema yako amekuja kukushusha. Na anayejua atashushwa haanzii chini. Nikamtajia petroli ya kufika kwetu Lubumbashi na kurudi, kila wiki.

Akaandika bila kuguna. Hilo lilinishtua. Mteja asiyeguna ni wa kuogopwa.

"Basi mama, tunaomba upunguze nusu."

"Nusu! Masufuria yateremke kwa maombi? Nakupa robo."

Nikalalamika kuhusu vilima vya Berea, nikalalamika kuhusu robot, taa za barabarani, zinazosimamisha gari katikati ya mteremko, kisha nikasimama kama ninayeondoka. Akaniita kabla sijagusa mlango. Tukamaliza kwa theluthi, tukapeana mikono.

Mwaka ulipoisha nikampelekea risiti za petroli, zile za kweli, maana risiti haijui kupatana bei. Pikapu ilikuwa ileile, mlima uleule, wali uleule. Moshi wangu ulikuwa umeshuka zaidi ya nusu. Wakanipiga picha, wakaibandika karibu na lifti, na chini yake maneno kuhusu mama anayeokoa dunia. Wakanipa na mche wa limao ndani ya chungu. Niliuhesabu mara mbili: ulikuwa mmoja.

Furaha ilidumu mpaka kijana aliponiita tena.

"Hongera, mama. Sasa mwaka huu tunaomba nusu nyingine. Kutoka hapa ulipofika."

Hapa nilipofika palikuwa sakafuni. Chini yake ilibaki kubeba wali kichwani. Nikatazama dari, nikaona kodi ya nyumba, nikaona ada ya shule.

"Mwanangu," nikasema, "ile ya kwanza ilikuwa bei ya kuanzia."

Akainuka, akafunga mlango. Nikajua mkataba umekwenda. Kumbe alikuwa anatafuta mahali pa kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Mama, sisi wenyewe unafikiri tulianzia wapi? Tulichagua ule mwaka stima ilikuwa inapotea kila siku, jenereta linanguruma asubuhi mpaka jioni. Stima iliporudi, tukapewa tuzo."

"Na sasa mnashukaje?"

"Jenereta tumemuuzia mwenye jengo. Moshi ni wake."

Nikachungulia dirishani. Jenereta lilikuwa palepale, limeegemeana na pikapu yangu kama mtu na mkwewe.

"Mbona halijahama?"

"Limehama kwenye ripoti, mama."

Nikateremka ngazi polepole, nikifikiri. Jumapili baada ya ibada nikamwalika shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, anayeuza vifuniko vya simu kule South Beach. Nikamwekea sombe, samaki, ugali wa kutosha. Alipokuwa katikati ya tonge nikamsimulia ya ofisini, mpaka mlango uliofungwa, kisha nikamweleza: pikapu iandikwe jina lako, uwe unanibebea masufuria, nikulipe kama mchukuzi. Petroli natia mimi. Kitu kimoja tu, moshi unakuwa wako.

Akaacha kutafuna. Na yeye amepitia Warwick.

"Ngoja kwanza. Moshi ya kampuni mzima?"

"Ya pikapu tu, shemeji."

"Ile moshi wakubwa wanaiogopa mpaka wanafunga mlango, ndiyo unaniletea mimi na sahani ya sombe?"

"Na samaki."

"Eish. Samaki nimeiona." Akanawa mikono taratibu, akaifuta kidole kimoja kimoja. "Lakini moshi ya namna ile, shemeji, iko na bei yake."

Akaitaja. Nikaguna kwa nguvu, nikasimama kama ninayeondoka, ingawa nyumba ilikuwa yangu.