Jasho la Kamakis

Emmaculate alishuka kwenye mzani wa kando ya barabara damu ikimchemka. Tangu mwaka uanze alikuwa akikimbia kila asubuhi na akina mama wenzake kutoka Ruiru hadi Kamakis, magoti yakimuuma, na bado kilo zilikuwa zimeongezeka!

"Mzani wako ni wa uongo!" alimfokea mwenye mzani. "Jasho lote hili linaenda wapi?"

Akamgeukia Benta, kiongozi wao. "Na wewe ulituapia tutakonda!"

Benta akavuta benchi la kibanda cha supu kilichokuwa hapo jirani. Kikundi chao huwa hakitawanyiki kabla kila mmoja hajapata supu ya mbuzi na chapati mbili, pongezi ya mbio.

Emmaculate aliketi, bado anafoka. "Leo niletee tatu," alimwambia mhudumu. "Hasira imenimaliza nguvu!"