Mistari Minne ya Mkataba wa Wafalme

Ipo Jumapili moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka nainuka, nazunguka kiti, ndipo nakaa tena. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwalimu wa shule ya misheni huku kwetu kwenye milima ya Ileje, enzi za Mwingereza. Nilikuwa na viatu. Usicheke. Wenye viatu tulikuwa wawili, mimi na mchungaji, na kimoja cha mchungaji kilikuwa kimetoboka.

Gazeti la Kiswahili la serikali lilipofika kutoka Tukuyu, mimi ndiye niliyewasomea watu baada ya ibada. Wewe una redio, huwezi kujua utamu wa kusoma mbele ya watu wazima wakakunyamazia. Mimi niliupenda kupita kiasi, nakiri.

Siku hiyo kulikuwa na habari fupi, mistari minne tu. Mjumbe wa Mwingereza alikwenda Jedda akatia saini mkataba wa urafiki na mfalme mpya wa Waarabu, yule aliyekuwa ameishika Maka na nchi za jirani. Mwingereza alikubali kwamba mfalme huyo anajitawala mwenyewe. Mahujaji kutoka nchi zilizo chini ya Mwingereza wangepita kwa amani. Na mfalme aliahidi kusaidiana naye kukomesha biashara ya watumwa. Chini yake ilifuata bei ya kahawa.

Kabla sijafika kwenye kahawa, Bibi Sekela aliinuka. Alikuwa mjane, na kila mtu alijua yaliyompata. Yeye na mdogo wake, Lugano, walikuwa wasichana wakichota maji, msafara wa Waarabu wa kukamata watumwa ukawakuta. Sekela alikimbia. Lugano alishikwa, akapelekwa upande wa Karonga, kule ziwani, na hakusikika tena. Miaka arobaini ilikuwa imepita.

"Mwalimu," aliniuliza, "na wale waliokwisha kuchukuliwa, gazeti linasemaje?"

Gazeti halikusema kitu. Nililitazama tena nikaona wazi kwamba halikusema kitu. Lakini watu wote walikuwa wamenigeukia, hata wazee wa kanisa, na kinywa changu kikanitangulia.

"Watarudishwa, Bibi. Wafalme wamekwisha kutia saini."

Alisema, "Ndaga, mwalimu," yaani ahsante, akaketi. Watu walipiga vigelegele. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi kama vile ni mimi niliyekwenda Jedda.

Jumatatu alianza kujenga. Alisema mdogo wake hawezi kurudi akalala jikoni kwa watu. Vijana wa kanisa walikwenda kukata mianzi, na mimi nikaenda nao, maana ningekataaje? Nilikata mianzi ya nyumba ya mtu ambaye sikujua kama yu hai. 

Kisha alikuja shuleni. "Mwalimu, Lugano sasa atakuwa amesahau Kindali chetu. Nifundishe salamu ya Waarabu, nisije nikamkaribisha kwa ububu." Kiarabu changu kilikuwa salamu moja niliyoisikia kwa wenye maduka wa Tukuyu. Nikamfundisha hiyo hiyo. Akaenda zake akiirudiarudia njiani, "Salaam aleku, salaam aleku," na watoto wangu wa darasa la kwanza wakiitikia kutoka dirishani.

Tangu hapo sikutulia. Nilianza kwenda shuleni kwa njia ya mashamba ya kahawa ili nisipite kwake, na viatu vikaharibika kwa matope. Nilijiambia nitamweleza kesho. Kesho nilimkuta anacheka na majirani, nikaahirisha. Wiki sita nilizunguka namna hiyo, mtu mzima mwenye mshahara, namkimbia mwanamke mmoja.

Mwishowe nilishindwa. Nilitembea siku mbili hadi bomani Tukuyu, nikamwomba karani mmoja mzee anieleze ule mkataba. Kwa alivyosikia yeye, mtumwa akijifikisha mwenyewe mlangoni kwa mwakilishi wa Mwingereza kule Jedda, huenda akapewa cheti cha uhuru.

"Huyo wako yuko Jedda?" aliniuliza.

"Sijui."

"Yu hai?"

"Sijui."

Alivua miwani. "Wajumbe wale walikaa siku nyingi wakipima kila neno, kila mmoja akijua analokubali na asilolikubali. Wewe uliongeza la kwako kwa pumzi moja?"

Nilirudi nalia njiani. Nilimkuta Bibi Sekela anakandika ukuta, udongo umemfika viwikoni. Aliponiona aliita kwa furaha, "Salaam aleku!" Nilipiga magoti pale pale kwenye tope nikamwambia yote: kwamba gazeti halikusema, kwamba ni mimi niliyesema.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele.

"Lugano nilimzika," alisema. "Baba alichimba kaburi nyuma ya migomba, tukazika nguo yake ya gome la mti kwa sababu yeye hatukuwa naye. Tukalia, tukanyoa. Nikaolewa, nikazaa, nikaishi. Wewe umekuja na karatasi yako ukamfukua. Nimzike mara ngapi, mwalimu?"

Alianza kukwangua udongo viwikoni mwake.

"Kesho utanyoa nywele," alisema. "Uliyemleta ni wewe, na wewe utamlilia."

Nilinyoa. Tulikaa matanga siku tatu ndani ya nyumba ile, kuta hazijakauka, na mimi nilikaa upande wa ndugu wa marehemu. Nililia kweli, mwanangu, na si kwa ajili ya aibu peke yake. Siku ya nne Bibi alitoa sharti la mwisho: Jumapili nisome tena habari ile, mbele ya watu wale wale, kama ilivyoandikwa. Nilisimama na kipara changu nikasoma mistari minne. Hakuna aliyepiga vigelegele. Bibi Sekela alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sasa nimesikia," akaenda nyumbani.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Kila tulipokutana alinisalimia kwa ile salamu ya Kiarabu, wala haikuwa mzaha. Hakuwa na mwingine wa kumpa salamu hiyo. Nami niliitikia, kila mara.

Basi nakuambia hivi. Ukiulizwa usilolijua, sema hujui. Neno hilo halikuui, ingawa mimi siku ile nilidhani litaniua. Usimpe mtu ahadi iliyo mikononi mwa wengine, hata wakiwa wafalme, kwa maana wao hawatajua kwamba umeahidi, na atakayejenga nyumba ni yule aliyekusikia. Na ukishakosea, nenda siku ile ile, kabla ukuta haujasimama. Usizunguke kwenye kahawa kama mimi.

Mungu akupe kinywa kinachosimama pale maandishi yanaposimama. Na kama ipo kwenu nyumba inayomngoja mtu, mwanangu, Mungu amlete akiwa hai, nawe uwepo mlangoni kumsalimia.