Pikipiki Niliyoiacha Malakisi

Katikati ya miaka ya themanini, ukisikia mngurumo mzito ukipita Kitale mjini bila haraka, ulikuwa ama wa trekta la mzungu fulani au wangu. Watu wa mtaa wa Matisi walijua kutofautisha. Trekta lilikuwa linakohoa. Mimi sikuwa nakohoa.

Nilisoma hadi darasa la nne nikaacha, na wale waliobaki darasani walikuja baadaye kunisalimia kwa mikono miwili. Nilianza kwa kusukuma mkokoteni sokoni. Nikanunua mashine ya kusaga mahindi iliyokuwa imemshinda mwenyewe, nikaifufua, nikafungua nyingine Matisi na nyingine Bungoma. Hakuna aliyenishika mkono. Sisemi hivyo ili nisifiwe. Nasema kwa sababu kuna watu walikuwa wanasema nilisaidiwa, na wengine bado wako hai.

Pikipiki niliipata kwa mzungu mmoja wa upande wa Endebess aliyekuwa anauza shamba arudi kwao. Ilikuwa ghalani chini ya magunia, na kuku alikuwa ametaga mayai juu ya kiti. Ilikuwa pikipiki kubwa ya kizamani, ya kukaa chini, usukani mpana uliopinda kurudi kwa dereva, tangi nono la rangi ya damu ya mzee, na kiti kimoja kirefu cha ngozi kilichoanzia kwenye tangi kikaishia juu ya taa ya nyuma. Mzungu aliniambia kwa wema kwamba imezeeka, nitafute ndogo mpya ya Kijapani. Nilimwangalia tu. Pikipiki ndogo unaipanda kama mbuzi, magoti yanakugonga kidevu. Hii ulikuwa unaikalia. Miguu inaenda mbele, mgongo umenyooka, na barabara ndiyo inakuja kwako.

Nilikaa nayo majuma mengi kabla haijawaka. Nilichemsha kabureta ndani ya sufuria ya mke wangu, nikasugua plagi kwa msasa, nikakata gasketi kwa ngozi ya kiatu. Siku ilipowaka, kuku wote wa ploti waliruka juu ya paa.

Kwa wale ambao hawajawahi kuendesha kitu kama hicho, nitaeleza kidogo. Asubuhi ya Kitale ni baridi, kwa hiyo unaiamsha polepole. Kiki ya kwanza bila ufunguo, ili mafuta yapande. Kiki ya pili ndefu, ya mguu mzima. Ikishika, huigusi. Unaiacha iongee peke yake hadi joto likupande kwenye nyonga. Halafu unatoka. Ukishapita Kiminini barabara inafunguka, mahindi huku na huku, na injini inapiga pigo moja moja kama mtu anayepasua kuni na hana haja ya kumaliza leo. Mfukoni mwangu kulikuwa na mkanda wa mashine wa kupeleka Bungoma, na hilo lilitosha kuwa sababu ya safari. Ukweli ni kwamba mikanda mingine haikuwa imekatika.

Jumapili baada ya kanisa niliipangusa kwa kitambaa cha mafuta ya taa, kuanzia ekzosi hadi spoki moja moja. Na sikumpa mtu. Mapadri waliomba, sikuwapa. Afisa mmoja wa serikali aliomba kuizungusha tu uwanjani, nikamwambia breki zina maradhi. Mke wangu mwenyewe alipanda tu nikiwa nimeshakaa, na alishuka kabla yangu. Mkono mwingine wowote kwenye ule usukani ulinichafua roho.

Sasa lazima niseme habari ya ukweni, kwa sababu huko ndiko ilikoishia.

Wazazi wa mke wangu walikuwa wakulima wa tumbaku Malakisi. Sisi Wabukusu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakaribiani. Hamsalimiani kwa mkono, hamli chumba kimoja, na mkikutana njiani mmoja anaingia shambani mwingine apite. Alipokaa mkwe, mama mkwe hakai, wala mkwe hakai alipokaa yeye. Si chuki. Ni heshima, na inashikwa sana. Nilikuwa nimeoa miaka mingi na uso wa yule mama sikuujua. Niliijua sauti yake tu, kutoka nyuma ya ukuta wa jikoni, akiuliza kama mkwe ameshiba.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilienda kuwasalimia wakati wa mvua za masika. Barabara ilikuwa uji. Lori la kubeba tumbaku nililipita limezama hadi kwenye ekseli, dereva amelala chini yake. Mimi nilipita pembeni, taratibu, gia ya kwanza, nikamwachia matope kidogo. Nilipoingia boma, shemeji yangu, kaka mdogo wa mke wangu, alikuja akaizunguka. Yeye alikuwa amefanya kazi Kapsokwony akiendesha kipikipiki cha ofisi kwenye ile miteremko ya mlima, kwa hiyo alijiona anajua.

"Shemeji, hii si pikipiki, bana," alisema. "Hii ni kitanda imewekwa injini."

"Kitanda chako kimewahi kukufikisha Bungoma?"

"Ati nionje kidogo?"

"Onja chai. Mama yako amepika."

Baba mkwe alicheka. Tulikaa barazani, tukanywa hiyo chai, na kutoka jikoni sauti ikauliza kama mkwe ameongezewa. Halafu mama akatoka kwa mlango wa nyuma kwenda kuangalia kitalu chake cha miche ya tumbaku.

Tulisikia ukelele mmoja tu. Shemeji alikimbia. Mimi niliinuka, nikakumbuka, nikabaki nimesimama. Alikuwa amekanyaga kifutu, yule nyoka mnene mvivu, na kilikuwa kimemuuma juu ya kifundo cha mguu. Walimbeba hadi jikoni, mimi nikaenda kusimama nyuma ya banda la kukaushia tumbaku, uso kwenye ukuta wa udongo, kama inavyotakiwa. Majirani walijaa. Nilisikia mwanamke akisema mguu umeshaanza kufura.

Shemeji alinijia mbio. "Shemeji, washa. Gari hakuna. Mkokoteni wa ng'ombe haufiki Bungoma na huyu mtu akiwa mzima."

"Nawasha."

Lakini jikoni nao walikuwa wameshamwambia, na sauti ile ninayoijua ikauliza, "Nani anaendesha?"

"Ni mkwe wako."

"Basi niacheni hapa hapa."

"Mama, si wakati wa hiyo!" shemeji akapaza sauti.

"Nimshike mkwe kiuno hadi Bungoma? Watu wa soko wote wakiniangalia? Niacheni. Nimezaa, nimeona wajukuu. Inatosha."

Hakuna aliyemcheka. Wanawake wazima waliokuwa pale walikubaliana naye, na hilo ndilo lilinitisha, kwa sababu nilijua sasa kwamba yule mama angekaa juu ya kile kigoda cha jikoni hadi afe, na watu wangesema alikufa na heshima yake.

Nilisema neno ambalo sikuwahi kulisema. "Shemeji ataendesha."

Nilifikiri nimemaliza. Nilijisikia kama mtu aliyeng'olewa jino. Lakini mwanamke mmoja jirani, sauti kavu, akasema, "Na kiti? Kiti ni cha mkwe. Amekikalia tangu Kitale."

"Kweli," mama mkwe akasema. Sauti yake ilikuwa imeanza kuwa nzito. "Sikalii."

"Tutatandika blanketi," shemeji akasema.

"Blanketi juu ya kiti cha nani?"

Baba mkwe alikuja hadi kwenye pembe ya banda. Hakuniangalia usoni. Aliangalia miche yake. "Mkwe," alisema, "kitu cha mtu ni chake hadi akitoe. Ukimpa kijana wangu mbele ya hawa watu, kiti si chako tena. Huyu mama atakalia kitu cha mtoto wake."

"Nimempa," nilisema.

"Hawajasikia."

Basi nikapaza sauti, nikiuelekea ukuta wa udongo. "Hii pikipiki ni ya shemeji! Si yangu! Nimempa leo, mbele yenu nyote!"

"Tumesikia," wanawake wakajibu.

Nitasema nilivyofikiri, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilifikiri hayo ni maneno. Nilifikiri tumepata njia ya kumzunguka mama mkaidi, na kwamba kila mtu pale alijua hivyo kama mimi.

Walimtoa. Nilisikia wakimpandisha, wakimfunga kwa leso kwenye mgongo wa mwanawe kama mtoto. Halafu nikasikia kiki fupi, ya woga. Haikuwaka. Nyingine. Nikasikia gesi ikivutwa ovyo.

"Usiipe gesi!" nilipiga kelele kutoka nyuma ya banda. "Unaizamisha!"

"Nifanye nini?"

"Funga gesi! Piga kiki ndefu! Mguu mzima, hata ukivunjika!"

"Choki je?"

"Iache choki! Ina joto bado! Wewe, usiguse kitu!"

Iliwaka. Alitia gia kwa nguvu na mimi nikafumba macho. Halafu wakaenda.

Nilitembea, nikapata mtu wa baiskeli akanibeba, mvua ikatushukia, nikatembea tena. Nilifika Bungoma jioni nikiwa na viatu mkononi. Nje ya hospitali pikipiki ilikuwa imesimama kwenye mguu wake, imejaa matope hadi kwenye taa, kioo kimoja kimepinda. Shemeji alikuwa amekaa chini kando yake. Alikuwa anacheka.

"Wamemwekea maji na dawa," alisema. "Wanasema angechelewa, mguu ungekatwa au tungelia. Ameuliza kama umefika."

"Mwambie nimefika."

Nilinyoosha kioo. Nilipangusa tangi kwa mkono wa shati. Halafu nikainua mguu nikalie, nione kama klachi imeungua, na shemeji akanivuta koti kwa nguvu hadi nikayumba.

"Shemeji! Mama alikaa hapo!"

"Alikaa nyuma."

"Kiti ni kimoja."

Niliangalia. Kilikuwa kimoja, kirefu, kutoka tangi hadi taa. Nilirudisha mguu chini. Watu wa hospitali walikuwa wanatuangalia, na nilijifanya nilikuwa nanyoosha goti tu. Nikarudi Kitale kwa gari la watu.

Yule mama alipotoka hospitali nikaenda Malakisi kuzungumza. Nilikuwa nimejipanga. Nilimweleza baba mkwe kwamba Matisi kuna fundi wa viti, atatoa ngozi yote, sponji yote, atashona upya, kiti kitakuwa kama hakijawahi kukaliwa na mtu. Nilieleza vizuri sana. Mimi si mtu wa kushindwa kueleza. Nimewahi kumuuzia mashine mtu asiyekuwa na mahindi.

Mzee alisikiliza hadi mwisho. "Hiyo ni sawa," alisema. "Ngozi utapeleka kwa fundi wa Matisi. Yale maneno uliyosema utapeleka kwa fundi gani?"

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya ukuta wa jikoni, ina nguvu zake zote.

"Mwambieni mkwe namshukuru. Na mwambieni kama anataka kitu chake arudishiwe, na mimi nirudishwe kwa yule nyoka kwanza."

Mzee alicheka hadi akakohoa. Shemeji alijaribu kujizuia akashindwa. Na mimi nilicheka, kwa sababu ningefanya nini? Aliyekuwa akiongea nyuma ya ukuta alikuwa hai, na kila mtu katika lile boma alijua kwa nini.

Alasiri hiyo nilimfundisha shemeji kazi. Sikukaa. Nilichuchumaa kwenye matope na spana, nikamwonyesha mlio wa vali zilizolegea, mnyororo unavyokazwa, kwa nini mafuta ya injini hayachanganywi na ya bei rahisi. Nilimtukana kidogo. Alivumilia. Miaka iliyofuata niliambiwa alionekana Chwele, mara Kapsokwony, akipanda mlima na gunia la viazi nyuma. Gunia la viazi! Lakini kitu cha mtu hufanyiwa atakalo mwenyewe.

Nilinunua pikapu. Ina milango miwili na ndani hunyeshewi. Watu wa Kitale walinipongeza, nikawaacha wanipongeze.

Boma lile lina wakwe watatu. Mmoja ni mwalimu wa sekondari, mwingine anafanya kazi ofisini Bungoma, wote wamesoma. Tukikutana huko, kuku huchinjwa, na firigisi, ambayo kwetu ni ya mwenye boma na hapewi mtu ovyo, hutoka jikoni kwenye kisahani chake. Mzee haigusi. Huisukuma hadi mbele yangu. Mwalimu huangalia pembeni. Kutoka nyuma ya ukuta yule mama huuliza kama mkwe ameipata, na wale wakwe wawili ndio hulazimika kumjibu kwamba ndiyo, ameipata, anakula.