Marashi ya Kuhamia

Daktari Mfaransa niliyemtumikia mjini Andoany alinunua tangi kubwa la kioo, akaniagiza niwahamishie humo samaki wake sita kabla hajarudi kula. Nikachota maji ya bahari ndoo kwa ndoo, roho mkononi: yakichafuka kidogo tu, samaki wanakufa, na kazi sina.

Nilipomshika samaki wa kwanza, harufu ya waridi ikanipiga puani. Nikamwita mke wangu, aliyekuwa akifua hapo uani.

“Zaïnaba! Umetia nini humu tangini?”

“Marashi, Baba Hamada. Nyumba mpya haiingiwi bila kunyunyizwa marashi.”

“Una wazimu! Umeyatoa wapi?”

“Ndiyo yale niliyoyatunza ya nyumba yetu sisi. Mwaka wa tisa huu nangoja tuhame.”

Nikaokota ndoo, nikaanza upya. Sikumtazama usoni.